Kompyuta za Ofisini na Redio ya Mvuvi

(Haya ni maandishi ya mazungumzo aliyoyatoa mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Kilwa Masoko.)



Nilipoalikwa kuja kusema nanyi niliachiwa nichague mwenyewe jambo la kulizungumzia. Bila shaka nilitazamiwa niseme juu ya nidhamu kazini au juu ya Kiswahili cha barua za serikali, mambo ambayo sisi waandishi wa magazeti huyapenda kwa kuwa kuyasema hakutugharimu kitu. Nimechagua jambo dogo kuliko hayo: kelele zinazotoka katika kompyuta zetu na kuingia katika redio za majirani, pamoja na kanuni zilizowekwa duniani na humu nchini ili kuzizuia. Nawaombeni mnivumilie. Jambo hili ni dogo kama tundu la mtumbwi lilivyo dogo.

Nianze Kivinje. Mjomba wangu ni mvuvi, na nyumba yake imepakana ua kwa ua na ofisi ambayo sitaitaja. Miaka michache iliyopita nilimkuta amenunua redio ya tatu katika muda usiotimia mwaka. Nilimwuliza zile mbili za kwanza zimekufa kwa maradhi gani. Akanijibu, "Hazikufa, mjomba. Zinaumwa ugonjwa wa saa za kazi." Nilidhani anafanya mzaha. Lakini asubuhi ya Jumatatu, mnamo saa mbili, stesheni aliyokuwa akiisikiliza tangu alfajiri iliingiwa na mvumo mithili ya nyuki waliochokozwa, maneno yakazama, na mjomba akaizima redio bila kinyongo, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Saa tisa na nusu alasiri aliiwasha tena. Mvumo ulikuwa umekwisha. Jumamosi na Jumapili redio ilikuwa nzima kutwa.

Siyo lazima mtu awe fundi ili aunge mambo hayo. Nilikwenda ofisini kwa adabu, nikamwomba mkuu wa pale, naye kwa hisani yake akakubali, tukazima kitu kimoja baada ya kingine huku kijana mmoja amesimama uani na redio mkononi akituambia kwa sauti, "Bado! Bado!" Tulizima taa, tukazima feni, tukazima mashine ya kunakili. Kelele haikukoma. Tulipochomoa adapta ya kompyuta mmoja, ile iliyonunuliwa dukani badala ya ya awali iliyoungua, kijana akapiga ukelele kama aliyeona papa. Kompyuta yenyewe haikuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya kijisanduku cheusi cha bei nafuu kilicholala chini ya meza, chenye uzito mdogo mno kwa kazi kilichodai kuifanya.

Pengine mtu atauliza: je, mvuvi akikosa taarabu na habari za mpira kwa saa chache, nchi imepungukiwa nini? Swali hilo lina jibu lake pwani hii hii. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kikija kutoka mashariki kuelekea Mafia na Kilwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari siku baada ya siku, na wavuvi wakaonywa wasiende baharini. Nyote mnakumbuka yaliyofuata: mvua, mafuriko, na barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika. Tarehe 12 ya mwezi ule ule nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini kote. Katika wiki mbili hizo mtu wa Songo Mnara au wa Kivinje aliweza kukosa barabara, umeme na mtandao wa simu, akabakiwa na chombo kimoja tu kinachotumia betri mbili na kupokea sauti kutoka angani. Chombo hicho ndicho kinachozibwa mdomo na adapta ya bei nafuu.

Tena wasikilizaji si wale wa nchi kavu peke yao. Vyombo vinavyobeba redio ya simu ya baharini husikiliza wito wa dharura katika mkondo wa 16, yaani mawimbi ya megahezi 156.8. Mawimbi hayo yamo katika eneo lile lile linalochafuliwa na mashine za kidijitali zisizofunikwa vizuri. Na bandari yetu siku hizi ina ofisi nyingi kuliko zamani.

Sasa niseme kidogo jinsi kelele hii inavyozaliwa, maana mwalimu hapaswi kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa na mwandishi wa gazeti.

Kompyuta, ambayo wakubwa wetu walipata kuiita ngamizi, jina ambalo halikupata wateja, hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme kwa haraka kubwa mno. Ndani yake mna saa inayopiga mapigo yake mamilioni kwa mamilioni katika sekunde moja, na kila pigo ni badiliko la ghafla la umeme katika waya. Badiliko la ghafla la umeme katika waya ndilo asili ya wimbi la redio. Tangu siku za Marconi watu hutengeneza mawimbi kwa njia hiyo wakikusudia. Kompyuta huyatengeneza bila kukusudia. Tena pigo lenye kingo kali halizai wimbi moja pekee. Huzaa la kwanza, kisha la mara mbili yake, la mara tatu, na kuendelea, kila moja dhaifu kuliko lililotangulia, mpaka ukoo huo ukatapakaa katika masafa ambayo wengine wamepewa kihalali kwa utangazaji, kwa ndege na kwa meli.

Adapta na chaja za siku hizi zina dosari ya namna hiyo hiyo. Zamani kijisanduku cha umeme kilikuwa na transfoma nzito ya chuma na shaba, haina haraka na haina kelele. Siku hizi umeme hukatwakatwa mara elfu kumi, hata laki kadhaa, kwa sekunde, na kwa hiyo chombo huwa chepesi na rahisi. Hilo ni maendeleo, nami silikatai. Lakini mtengenezaji mwaminifu huweka ndani yake kapasita na nyuzi zilizozungushwa kwenye sumaku maalumu ili kuzuia kelele isitoke kupitia waya. Asiye mwaminifu huviacha viungo hivyo, maana chombo hutembea vile vile bila hivyo, na mnunuzi hatambui. Anayetambua ni jirani. Inveta za sola na baadhi ya taa za LED ni watoto wa familia hiyo hiyo.

Kuna kisa kimoja ambacho hunifurahisha. Mwaka 1975 huko Marekani, katika klabu ya mafundi wa kompyuta za nyumbani, Steve Dompier alileta kompyuta iliyoitwa Altair. Haikuwa na kipaza sauti wala kioo cha kuonyesha kitu. Aliiwekea programu, akaweka redio ndogo juu yake, na redio ikaanza kupiga muziki. Hapakuwa na stesheni yoyote iliyokuwa ikiurusha muziki huo. Dompier alikuwa amezipanga kelele za kompyuta kwa hesabu hata zikawa nota. Watu wakapiga makofi. Nami ningepiga, lakini fikirini: ikiwa kompyuta yaweza kuimba katika redio ya mwenye nyumba, basi yaweza pia kuunguruma katika redio ya jirani asiyetaka kuisikia.

Miaka minne tu baadaye malalamiko yalikuwa mengi hata serikali ya Marekani ikalazimika kushughulika. Televisheni za watu zilikuwa zikijaa mistari kila mtoto wa jirani alipoanza kucheza. Mwaka 1979 Tume ya Mawasiliano ya nchi ile ilitoa kanuni za vyombo vya kompyuta, ikavigawa katika madaraja mawili: daraja A kwa vyombo vya ofisi na viwanda, na daraja B, lenye masharti makali zaidi, kwa vyombo vya majumbani. Kampuni ya Tandy, iliyokuwa na maduka ya Radio Shack, ilikuwa ikiuza kompyuta iliyoitwa TRS-80. Tazameni mzaha wa dunia: wauza redio ndio waliouza mashine iliyokuwa ikiziudhi redio. Kompyuta ile ya kwanza haikuweza kutimiza masharti mapya, hasa kwa sababu ya nyaya zilizoiunganisha na visanduku vyake vya nje, zilizofanya kazi ya antena. Tandy wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 1981, wakaendelea na ile iliyoifuata, ambayo sehemu zake zilitiwa pamoja ndani ya sanduku moja. Kampuni haikufilisika, na watoto hawakukosa kompyuta. Wahandisi walipewa mpaka, nao wakajifunza kufanya kazi ndani ya mpaka huo.

Dunia nzima nayo haikuwa imelala. Kamati ya kimataifa ya mambo ya kelele za redio, inayojulikana kwa herufi CISPR, ilianzishwa mwaka 1934 mjini Paris, wakati adui wa redio alikuwa mota ya umeme na plagi ya gari. Mwaka 1985 kamati hiyo ilitoa kiwango chake cha kwanza cha vyombo vya kuchambulia habari, namba 22, ambacho baadaye nafasi yake ilichukuliwa na namba 32. Nchi za Ulaya zilitoa agizo lao la pamoja mwaka 1989 na likawa la lazima tangu mwanzo wa 1996. Herufi CE mnazoziona chini ya kompyuta zenu zinahusika, pamoja na mambo mengine, na maagizo ya namna hiyo.

Na sisi? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu historia yetu katika jambo hili ni ya pekee na haisemwi vya kutosha.

Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Mashine zililetwa kwa gharama kubwa, wataalamu wake wengi walikuwa wageni, na kazi ya mahesabu ya Serikali iliyotazamiwa kurahisishwa ikavurugika. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na amri hiyo ikagusa pia seti za televisheni. Ilikuwa nchi changa, fedha za kigeni zilikuwa haba, mafuta yalikuwa yamepanda bei. Aliyeamua hakuwa mpumbavu. Alikuwa amechomwa na moto na akaogopa jiko.

Hata hivyo, nikiwa mtu niliyesoma baadaye na kuona yote mawili, nadhani amri ile ilikuwa ukuta mahali palipohitaji chekecheo. Ukuta huzuia wishwa na unga pamoja. Katika miaka ile ambayo wenzetu walikuwa wakijifunza namna ya kuipima kompyuta, namna ya kuifunika, namna ya kuikataa iliyo mbovu na kuikubali iliyo nzuri, sisi tulikuwa na ruhusa chache za pekee zilizotolewa moja moja. Masharti yakalegezwa miaka ya themanini, na katika miaka ya tisini mlango ukafunguka wazi. Tukatoka katika kukataa kila kitu tukaingia katika kupokea kila kitu, bila ya kupita katikati, na katikati ndiko ulikokuwa ujuzi wa kuchagua. Shule zetu zimepokea kompyuta zilizochoka kutoka ng'ambo, tukapiga picha za makabidhiano, na sikumbuki picha hata moja ambayo ndani yake mpokeaji ameigeuza mashine juu chini ili asome kibandiko chake.

Sitaki kusema kwamba hakuna lililofanywa. Shirika la Viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na sheria mpya ikaja mwaka 2009. Tume ya Mawasiliano ilianzishwa kwa sheria ya 1993. Mwaka 2003 iliunganishwa na Tume ya Utangazaji ikazaliwa Mamlaka ya Mawasiliano tuliyo nayo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeipa Mamlaka hiyo kazi ya kusimamia masafa na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano. Nguvu hiyo si ya karatasi tu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, na aliyekuwa akipuuza tangazo la redio aliamka akiwa ameshika kipande cha plastiki. Siku ile kila Mtanzania alijifunza kwamba chombo kina kibali au hakina.

Lakini simu hujitambulisha yenyewe mtandaoni, na kwa hiyo hukamatwa ukiwa umekaa Dar es Salaam. Adapta haina namba inayoonekana angani. Hukaa chini ya meza Kilwa, Lindi au Nachingwea, na mtu pekee awezaye kuikamata ni yule aliye karibu nayo, yaani ninyi.

Basi tuzungumze juu ya ninyi. Katika kila idara na kila shule yupo mtu anayeandika orodha ya mahitaji, na ipo kamati inayochagua mzabuni. Nimepata kuziona orodha hizo. Zinataja ukubwa wa kumbukumbu, upana wa kioo, hata rangi ya begi. Mstari wa kiwango cha kelele za redio haumo. Mzabuni naye si mjinga, asichoulizwa hakiuzi. Mstari unaotakiwa ni mmoja tu: kwamba kila chombo, pamoja na adapta yake, kiwe kimetimiza kiwango cha CISPR 32 daraja B, au kiwango kinacholingana nacho, na kwamba karatasi ya kuthibitisha iletwe yenye namba ile ile ya modeli iliyoandikwa chini ya chombo.

Nasema daraja B kwa makusudi, ingawa ofisi kwa kawaida huruhusiwa kununua daraja A. Mgawanyo wa madaraja haya ulifanywa na watu wanaoishi mahali ambapo ofisi iko mtaa mmoja na nyumba ziko mtaa mwingine. Daraja A lilifikiriwa kwa umbali wa mita kumi kutoka kwenye mashine, daraja B kwa mita tatu kwa hesabu za Marekani. Hapa Masoko ni mita ngapi kutoka dirisha la ofisi hadi kitanda cha mtumishi? Shule yenye bweni je, ambako darasa la kompyuta liko upande mmoja wa ukuta na mwalimu wa zamu na redio yake upande wa pili? Kwa makazi yetu, karibu kila ofisi ni jirani wa nyumba. Kanuni ya wenzetu ni nzuri, ila ramani yao si ramani yetu, na anayenunua ndiye mwenye wajibu wa kutazama ramani.

Juu ya vibandiko, tahadhari. Mji huu ulipata kupiga sarafu zake wenyewe katika enzi za masultani wa Kisiwani, sarafu za shaba zenye jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu yaliyopatana nalo kwa kina. Waswahili hata katika fedha hatukuacha vina. Mfanyabiashara aliipokea sarafu hiyo kwa kuwa alijua ni nani aliyeipiga na wapi atampata. Herufi CE si sarafu ya namna hiyo. Kwa vyombo vingi vya aina hii mtengenezaji huziweka mwenyewe kwa kutangaza kwamba ametimiza masharti, na mtapeli huzipiga chapa kwa senti chache. Kibandiko ni mwanzo wa kuuliza. Ukiuliza karatasi ya tamko la mtengenezaji na ya vipimo, aliye mkweli huileta baada ya siku moja au mbili. Aliye mwongo hukuuliza kwa nini humwamini.

Lipo jambo jingine ambalo si kosa la mtengenezaji hata kidogo, nalo ni waya wa ardhi. Wangapi kati yenu, mkiligusa sanduku la chuma la kompyuta huku miguu mitupu ikiwa sakafuni, mmehisi kitu kama kutekenywa? Naona mnacheka. Mtekenyo huo hutoka katika kapasita zile zile zilizowekwa kuzuia kelele. Kazi yake ni kuimwaga kelele ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Pini hiyo ikikatwa ili plagi iingie katika soketi ya matundu mawili, au ikiwa waya wake umeishia ukutani bila kufika ardhini, kelele haina pa kwenda, na sanduku zima hugeuka kuwa antena, na mkono wako njia. Kwa hiyo yawezekana kabisa kununua chombo kizuri, chenye karatasi zote halali, kikafanya makosa kama cha magendo kwa sababu ya jengo.

Pwani yetu ina ugumu wake katika hilo. Ardhi ya hapa sehemu nyingi ni jiwe la matumbawe, kuchimbia fimbo ya shaba ni taabu, na jiwe kavu halipitishi umeme vyema. Tena hewa ya chumvi hula viungio. Fundi aliyefunga waya wa ardhi miaka kumi iliyopita na asirudi kuutazama hajui kama bado upo. Chumvi hiyo hiyo hula skrubu na kingo za masanduku ya kompyuta, na mahali palipoliwa na kutu kelele hupata mlango. Ningependa kila mkuu wa shule na kila mkuu wa idara amwite fundi apime ardhi ya jengo lake mara moja kwa mwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chai ya kikao kimoja, nami nasema haya nikiwa nimekwisha kuinywa chai ya kikao hiki.

Najua hoja itakayoletwa: fedha. Mwalimu mkuu aliyepewa kiasi fulani ataambiwa kwamba adapta halisi ni ghali mara mbili au tatu kuliko ile ya dukani, na kwamba watoto thelathini wanasubiri. Hoja hiyo siidharau. Ila tazameni nani anayelipa tofauti ya bei. Ofisi ile ya Kivinje ilipata nafuu kidogo katika adapta moja, na mjomba wangu akanunua redio mbili ambazo hakuzihitaji. Gharama haikufutwa, ilisukumwa ng'ambo ya ua, kwa mtu asiye na kamati ya manunuzi wala fungu la matengenezo. Na yeye hakulalamika, kwa kuwa hakujua kwamba yuko wa kulalamikiwa. Alidhani ni redio.

Wazee waliomo humu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vipatavyo elfu sabini na tano viliundwa nchini, watu takriban milioni mbili wakakusanyika wiki baada ya wiki kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Baadhi ya walimu wenu ndio waliokuwa wakiongoza vikundi hivyo. Redio moja, tena dhaifu, ilitosha kijiji, kwa sababu hewa ilikuwa safi. Hapakuwa na kitu chochote cha kuvuma katika kijiji kile isipokuwa mashine ya kusaga. Usafi huo wa hewa hatukuununua, wala hatukuujua kuwa ni mali, na leo tunautumia pole pole bila hesabu yake kuandikwa katika daftari lolote.

Kwa anayesumbuliwa sasa hivi, njia ipo. Kwanza atafute chanzo kama tulivyofanya sisi, kwa kuzima kimoja kimoja, na jambo hilo laweza kufanywa na kijana wa kidato cha pili. Redio ndogo yenye antena ya ndani ni kipimo kizuri: igeuze huku na huku, nayo itakuonyesha upande kelele ilipo kali na upande ilipo hafifu. Kikipatikana chanzo, dawa nyingine ni rahisi mno: kuisogeza adapta, kutenganisha waya wa umeme na waya wa antena, kurudisha pini ya tatu, au kuvisha katika waya kile kipande kizito cheusi, mfano wa shanga kubwa, mnachokiona katika baadhi ya nyaya za kompyuta na ambacho wengi hudhani ni pambo. Si pambo, huzuia kelele isitembee juu ya waya. Ikishindikana, iandikwe barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano, itajwe stesheni, saa, siku na mahali, maana malalamiko ya "redio yangu haisikiki" hayamsaidii mhandisi. Na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa na sheria ya 2003 kwa ajili ya watu wa namna ya mjomba wangu, ingawa watu wa namna ya mjomba wangu ndio wasiolijua. Mtumishi wa serikali anayejua kuandika barua angeweza kumwandikia jirani yake, hata kama anayelalamikiwa ni ofisi ya mtumishi huyo huyo. Najua ninaomba jambo gumu.

Ofisi ya Kivinje ilibadilisha adapta yake. Mkuu wake alitoa fedha mfukoni mwake, kwa kuwa fungu halikuwa na mstari wa kitu kama hicho, na hilo nalo ni jambo la kulitazama katika makisio ya mwaka ujao. Mjomba alizigawa redio mbili kwa wanawe na kubaki na ile ya kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na redio ya mkulima na kikokotoo cha shilingi elfu chache. Redio ikiwekwa katika masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, kisha kikokotoo kikasogezwa karibu nayo na kubonyezwa, huenda tukasikia kila namba ikilia kwa sauti yake. Kisha tuchukue adapta za kompyuta za ukumbi huu, moja baada ya nyingine. Naomba walimu wa fizikia wakae mbele, na mtu mmoja asimame karibu na swichi.